Vumbi la Freni

Wiki iliyopita, saa za adhuhuri, nilikuwa nimesimama mlangoni pa shule ninapofundisha wakati lori liliposhuka kutoka upande wa mtaa wa Panzi, limejaa magunia ya muhogo na mikungu ya ndizi. Dereva alikuwa amekanyaga freni mteremko mzima, na lilipotupita likaacha nyuma yake ile harufu: kali, chungu kooni, kama nywele zilizoungulia juu ya chuma. Wanafunzi wangu wakaziba pua na kucheka. Mimi nilikaa kwenye ukuta mfupi kando ya mlango.

"Madame, uko mugonjwa?" msichana mmoja aliniuliza.

Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Nyinyi nitawaeleza lilikuwa nini.

Baba yangu alikuwa fundi wa freni. Majirani zetu wa mashariki husema breki. Sisi Bukavu tulichukua neno la Kifaransa na kulilainisha. Garaji yake ilikuwa Kadutu, mahali mlima unapoanza kuwa mkali: bati juu, kuta tatu za mbao, na upande wa nne wazi ukitazama mapaa ya kutu yanayoteremka hadi unapoona kipande cha ziwa. Mji wetu hauna barabara iliyolala. Ama unapanda, ama unashuka, na kwa hiyo mtu wa freni aliheshimiwa karibu kama daktari. Madereva waliokuwa wakielekea Kamituga, ambako njia ni matope na mawe na makorongo, hawakuthubutu kuondoka kabla Papa, ndivyo nilivyomwita baba, hajatia mkono kwenye magurudumu yao. Yeye alikuwa na msemo wake kwa kila aliyejisifia mashine yenye nguvu: "Motere inakupeleka. Freni ndiyo inakurudisha kwa batoto yako."

Mchana wa siku mbili kwa wiki alifundisha ufundi wa magari katika shule moja ya ufundi. Huko ndiko alikorudi siku moja amekasirika, akatupa kofia yake mezani.

"Banafunzi yangu banasema Kifaransa ya vitabu kama kasuku," alimwambia Maman, mama yangu. "Ukibauliza freni inafanya nini, banakuangalia tu. Hakuna kitabu hata kimoja ya kubaelezea kwa luga yabo namna gari ilizaliwa."

"Basi andika wewe," Maman akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga.

Nadhani Maman alisema hivyo ili anyamaze. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Papa alikuja na daftari kubwa lenye jalada gumu, akanikalisha kwenye ngazi za nyumba yetu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwaka wa tano wa shule ya msingi, na mwandiko wangu ulikuwa umeshasifiwa na masista. Vidole vyake vilikuwa vinene na vimepasuka, kalamu ilipotea ndani yake. Alisema yeye atasimulia, mimi nitaandika na kuchora. Kitabu kilikuwa cha watoto, kwa hiyo kiandikwe na mtoto.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kila Jumapili tulikaa pale, mimi na daftari magotini, yeye na kikombe cha chai, na gari likazaliwa mbele ya macho yangu kidogo kidogo. Alianza na mkokoteni wa farasi, kwa sababu, alisema, watu wa kwanza waliounda gari hawakuwaza gari, waliwaza mkokoteni usiokula majani. Nikachora lile gari la kwanza, kitu chenye magurudumu matatu, kimekonda kama baiskeli ya mgonjwa. Akanieleza jinsi petroli kidogo inavyolipuka ndani ya silinda na kusukuma pistoni, kama kifuniko cha sufuria kinavyorushwa na mvuke wa maharagwe. Akanieleza juu ya maniveli, kile chuma cha kuzungushia mashine kwa mkono asubuhi: mashine ikiamua kurudi nyuma, inakuvunja mkono. Halafu ikaja stata ya umeme, na hata mtu asiye na misuli akaweza kuwasha gari. Akacheka aliponiambia hivyo, akaminya mkono wangu mwembamba. "Hata weye."

Alinipeleka garajini nikaone kila kitu kabla ya kukichora. Niliiona kabureta imefunguliwa, na vijitundu vyake vidogo kama vya filimbi. Niliona gari la kigeni lililokuwa ndiyo kwanza limefika mjini, lisilo na kabureta kabisa, na Papa akakuna kichwa mbele yake. "Hii iko na akili yake," alisema, "inajipimia petroli yenyewe. Siku moja fundi atakuwa anaongea na gari kwa ordinatere." Kompyuta, garajini! Mimi nikacheka. Nilidhani ni utani.

Tulipofika kwenye sura ya matairi, hakucheka. Aliweka kikombe chini, akatazama ziwa.

"Andika," akasema. "Andika kama magurudumu ya kwanza ilikuwa ya mbao na chuma, ilipiga kelele na kuvunja bantu mugongo. Halafu bakapata mupira. Na mupira mingi ilitoka hapa Kongo, mu pori, kwa fimbo ya bazungu. Babu ya babu zetu balikatwa mikono juu yake."

"Niandike hiyo pia? Ni kitabu ya batoto, Papa."

"Andika. Mutoto wa Kongo asisome historia ya gari kama vile yeye hakuwemo."

Niliandika. Chini yake nikachora tairi.

Basi ikabaki sura ya freni. Hiyo ndiyo niliyoingojea, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, na nilitaka mchoro wake uwe mzuri kuliko yote. Lakini hapo ndipo mambo yalipoharibika kati yetu.

Katika magari ya zamani, freni imefichwa ndani ya chuma cha duara kama sufuria, nyuma ya gurudumu. Ndani ya sufuria ile mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimevikwa ganda gumu la kijivu linaloitwa garniture. Dereva akikanyaga, garniture inasukumwa kwenye sufuria, inasugua, gari linasimama. Kila inaposugua, inalika, na vumbi lake linabaki mle ndani. Hayo yote nayajua leo. Wakati ule sikuyajua, maana kila Papa alipotaka kufungua sufuria alinifukuza.

"Nabintu, toka. Enda kukaa kule juu kwa ngazi."

"Lakini Papa, nitachora namna gani kama sijaona?"

"Nimesema toka."

Sauti ile haikuwa yake. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za mawe zilizopanda kutoka garajini, nikamwona kwa chini, yeye na mwenzake Bahati, niliyemwita Tonton, yaani ami; walifanya kazi pamoja tangu ujana. Walijifunga vitambaa vilivyoloa maji puani, wakainama juu ya gurudumu kama watu wanaoficha kitu. Siku moja dereva mmoja aliyekuwa akingojea gari lake aliniona nikinung'unika, akamwambia Papa kwa sauti kubwa, "Mufundi, unafanya vizuri. Iko mutoto mwanamuke, ataona nini ndani ya freni?"

Nilimtazama Papa. Nilimngojea ajibu. Aliendelea kufungua boliti bila kusema neno.

Sijui kama mmewahi kuumizwa na kimya cha mtu mnayempenda. Nilipanda ngazi zile nikiwa nimeshafahamu kila kitu, au nilidhani hivyo. Kabureta ilikuwa mchezo wa kunipumbaza. Kazi yenyewe, ile ya heshima, ilikuwa ya wanaume.

Siku chache baadaye nilitoka shule mapema. Garaji ilikuwa tupu: Papa na Tonton Bahati walikuwa wameitwa barabarani kusaidia lori lililokwama. Gari moja lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali, gurudumu limetolewa, na sufuria ya freni iko chini, wazi. Niliingia. Nilipiga magoti. Ndani mlikuwa na vumbi laini, la kijivu, laini kuliko unga wa muhogo. Nikavuta pumzi, nikalipuliza ili nione vizuri. Likapanda juu kama moshi, likasimama katika mwanga uliopita kwenye tundu la bati, likimetameta. Nikaona ni zuri. Nikapuliza tena.

Nilisikia mwendo wa viatu. Halafu nikapigwa kofi.

Papa hakuwa amewahi kunipiga, wala hakunipiga tena baada ya siku hiyo. Alinishika mkono akanivuta hadi kwenye bomba la maji, akanimwagia maji kichwani na kwenye nguo zangu zote za shule, akanisugua uso, akaniamuru nivute maji puani na kuyatoa, tena, na tena. Jirani mmoja alisimama kutazama. Alifanya yote hayo kwa pupa, na mimi nilidhani ni hasira.

"Usirudie," alikuwa akisema. "Usirudie, mama. Usirudie."

Nililia hadi nikakosa sauti. Iliporudi, nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyapika tangu siku ya yule dereva: "Sitaandika tena kitabu yako. Tafuta mutoto mwanaume akuandikie."

Alinitazama. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye mikono. Alifunga bomba, akarudi garajini.

Jumapili iliyofuata alikaa kwenye ngazi na daftari lake. Mimi nilijifanya nina kazi jikoni. Jumapili nyingine vilevile. Baadaye nikamwona anaandika mwenyewe, ameinama, kalamu imepotea ndani ya vidole vyake, na ulimi ametoa kidogo kama mtoto wa mwaka wa kwanza. Maman aliniambia, "Muonee huruma papa yako." Nikaendelea kuosha sahani. Mimi pia nilikuwa nimejifunza kunyamaza, na nilijivunia kuwa na kimya kama chake.

Kikohozi kilikuwepo tangu zamani, ila sote tulikizoea kama mlio wa bati wakati wa upepo. Mwaka ule kikabadilika. Kikawa kikavu na kirefu. Papa akipanda mlima wetu alisimama mara tatu njiani, na kila mara alimtafuta mtu wa kumsalimia ili isijulikane kwamba anatafuta pumzi. Waliokuwa wakiuza mkaa na mboga kando ya njia walifurahi kwamba mufundi amekuwa mtu wa maongezi. Hospitalini walimpa dawa za kifua kikuu, halafu wakasema vipimo havionyeshi kifua kikuu, halafu wakasema apumzike. Akapumzika. Akakonda. Daftari likawa juu ya kiti kando ya kitanda chake.

Alasiri moja niliingia kumpelekea uji. Aliniashiria nikae.

"Nabintu," alisema, na kila neno lilipanda mlima wake peke yake. "Nimemaliza ile ya freni. Inabakia mchoro tu. Unaweza kunichorea?"

Nilikuwa nimeweka uji mezani. Ningeweza kuchukua kalamu. Ilikuwa pale pale. Badala yake nilisema, "Sijaonaga ndani yake."

Papa akatabasamu, kama mtu aliyefungwa goli zuri. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli, mama." Kisha kikohozi kikamchukua, nami nikatoka.

Alikufa mvua zilipoanza. Madereva walikuja wengi, wengine na matope ya Kamituga bado kwenye suruali zao. Lori lililobeba jeneza lilishuka mlima wa Kadutu polepole, na Tonton Bahati alitembea mbele yake kwa miguu, mkono mmoja nyuma kwenye chuma cha lori, mpaka chini kabisa. Mimi sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, na walikuwa sawa.

Miaka ikapita. Nilisoma, na ajabu, nilisoma mambo ya mashine. Siku moja, chuo kikuu, mwalimu alitufundisha juu ya vitu vinavyosuguana. Alisema freni za kwanza zilikuwa gogo la mbao lililobanwa kwenye gurudumu, baadaye wakaweka ngozi, baadaye pamba na nywele za wanyama, na zote ziliungua. Ndipo wakapata jiwe lenye nyuzi, amianti, ambalo wengine huita asbesto, lisiloshika moto. Kwa miaka mingi dunia nzima iliweka amianti ndani ya freni. Halafu, akasema bila kubadilisha sauti, ikajulikana kwamba nyuzi zake zikiingia katika mapafu hazitoki, na kwamba mtu huja kuugua baada ya miaka mingi. Siku hizi magari mapya hutengenezwa bila hiyo. Akafuta ubao.

Mimi nilibaki nimekaa wenzangu walipotoka.

Jumamosi hiyo nilikwenda kijijini Mumosho, ambako Tonton Bahati alikuwa amerudi kulima. Nilimkuta kwenye maharagwe yake, amezeeka, na yeye pia akihema. Nilimuuliza bila kuzunguka.

"Tonton, ile vumbi ya freni, Papa alijua?"

Aliweka jembe chini, akakaa juu ya mpini.

"Alijua kidogo," alisema. "Muzee aliyetufundisha kazi alikufa na kikohozi ile ile. Halafu muke yake, mwenye alikuwa anafua nguo zake, naye akafuata. Papa yako akaniambia: Bahati, hii vumbi haiko vumbi ya barabara. Hakuna mutu alitueleza. Tulifikiri tu."

Nikakumbuka kwamba Papa alifua nguo zake za kazi mwenyewe, kule kule garajini, na majirani walimcheka. Nikakumbuka kwamba hakutukumbatia jioni kabla hajaoga.

"Kama alijua, juu ya nini hakuacha?"

"Angeacha, angefanya nini? Ile ndiyo kazi tulijua. Na bale badereva, nani angebashikia freni?"

"Na juu ya nini hakuniambia? Nilifikiri ni juu niko mwanamuke."

Tonton Bahati alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Weye? Alikuwa anakusifu kila siku mpaka nachoka. Mimi nilimwambia: eleza mutoto. Akanijibu: nikimwambia hii vumbi inaua, atakuwa ananiangalia kila asubuhi nikitoka kama mutu anaenda kufa. Acha anichukie kidogo, itapita."

Haikupita. Hakukuwa na muda wa kupita.

Sitawadanganya: hakuna daktari aliyefungua mapafu ya baba yangu na kuniambia ndiyo, ni hilo. Ninachojua ni kwamba alihisi hatari asiyoweza kuitaja jina, akaendelea kuinama juu yake, na akahakikisha mimi niko mbali.

Niliporudi nyumbani nilimwomba Maman daftari. Lilikuwa ndani ya sanduku, limefungwa kwa kitenge. Sikuwa nimelifungua tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Nilipita mwandiko wangu, nikafika penye mwandiko wake, herufi kubwa zilizopinda, zinazopanda na kushuka kama barabara zetu. Sura ya freni.

Alikuwa ameandika hivi. Gari lilipokuwa bado jipya duniani, mama mmoja wa Ulaya alichukua gari la bwana wake asubuhi bila kumwambia, akaenda safari ndefu na watoto wake wawili, kwa sababu watu hawakuamini kwamba gari linaweza kufika mbali. Kwenye milima freni ya mbao ikalika. Mama yule hakurudi. Alisimama kwa mshona viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya ile mbao, akaendelea hadi akafika. Ndiyo garniture ya kwanza. "Watoto," aliandika, "mukisikia mutu anasema freni haiko kazi ya mwanamuke, mumuambie ni mwanamuke ndiye aliivalisha."

Chini ya hapo aliacha ukurasa mzima mtupu. Kwenye pembe, kwa herufi ndogo, aliandika: hapa Nabintu.

Nilikaa mezani. Nilikuwa nimeshafungua freni nyingi kufikia siku hiyo, nilijua kila kipande. Nikachora sufuria, vyuma viwili vilivyopinda, garniture, springi, boliti zote. Maman alikuwa akipanga sahani nyuma yangu na hakusema lolote. Nilipomaliza nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imenichukua nusu saa.

Nusu saa. Ndicho kitu pekee ambacho baba yangu aliniomba katika miezi yake ya mwisho, naye aliniuliza kwa upole, mara moja tu.